Jaji Mpole, Jaji Mkali, na Mchungaji Aliyewajua Wote Wawili

Katika sala za Jumapili tunawaombea wenye mamlaka, na mahakimu na majaji hutajwa humo humo, mahali fulani kati ya Rais na wabunge. Tunawaombea hekima, tunaitikia amina, ibada inaendelea. Ni nadra kujiuliza tunawaombea hekima ya namna gani. Na kama mtu angetujia akitaka ushauri, aulize kama fulani anafaa kupewa kiti cha hukumu, sijui ni wangapi kati yetu tungejua pa kuanzia kumtazama.

Wengi tungeanza na shule. Amesoma wapi, ana shahada ngapi, amekuwa wakili kwa miaka mingapi? Katiba ya Tanzania nayo inaanzia huko, kwa kutaka sifa za kisheria zilizodumu kwa miaka isiyopungua 10 kabla mtu hajateuliwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu. Kisha tungeuliza habari za rushwa. Hayo mawili ni ya lazima na hatuyadharau. Lakini iko sifa ya tatu, ngumu kupimika, ambayo hapa tutaiita hulka ya kijaji. Ni jinsi mtu anavyokuwa akishakaa kitini, na mbele yake yuko mjane asiyejua kujieleza, wakili msumbufu, na mshitakiwa ambaye sura yake tu inamchukiza, na saa ya chakula imekwisha kupita. Je, anasikiliza? Je, anajizuia? Jambo aliloliona wazi saa tatu asubuhi, anaweza kuliona vingine saa tisa alasiri, baada ya kumsikia shahidi wa mwisho?

Maandiko yanaijua sifa hii. Yethro alipomwona mkwewe Musa akichoka kwa kuamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, alimshauri achague wasaidizi wanaoweza kazi, wanaomcha Mungu, wakweli, wanaochukia mapato ya udhalimu (Kutoka 18). Elimu hakuitaja. Musa naye alipowakumbusha waamuzi wale kazi yao (Kumbukumbu la Torati 1), neno alilotangulia nalo lilikuwa kusikiliza: wamsikilize mdogo kama wanavyomsikiliza mkubwa, wala wasiogope uso wa mtu. Sulemani, alipopewa nafasi ya kuomba chochote, aliomba moyo wa kuwaamua watu, na Kiebrania cha mahali pale (1 Wafalme 3) husema hasa juu ya moyo unaosikia. Basi kwa watu wa Biblia, hulka ya jaji ilikuwa ndiyo mwanzo wa kazi yenyewe.

Lakini maelezo ya namna hii huelea hewani mpaka yapate watu. Tumechagua kuwaendea majaji wawili wa Uingereza ya karne ya 17, kwa sababu historia imetufanyia hisani moja: mchungaji mmoja aliwajua wote wawili, mmoja kama jirani na rafiki, mwingine kama mshitakiwa anavyomjua jaji wake.

Mchungaji huyo aliitwa Richard Baxter, aliyezaliwa mwaka 1615 na kujulikana kwa kazi yake katika mji wa Kidderminster, ambako alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba kufundisha familia. Mwaka 1662 serikali ya Mfalme Charles wa Pili iliwataka wachungaji wote wakubali kila neno la Kitabu cha Sala. Katika miaka ile wapatao 2,000 walipoteza sharika zao kwa kutokubali, na Baxter alikuwa mmoja wao. Baadaye alihamia kijiji cha Acton, karibu na London, na huko akapata jirani mwenye joho la kijaji, Matthew Hale.

Hale alizaliwa mwaka 1609. Alifiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na ndugu waliokuwa Wapuritani. Akawa mwanasheria aliyeheshimiwa na pande zote za vita vya wenyewe kwa wenyewe, hata Cromwell alimfanya jaji mwaka 1654, na mfalme aliporudi akamfanya jaji pia. Mwaka 1671 alipanda kuwa Jaji Mkuu wa Mahakama ya Mfalme. Alikuwa mtu wa mavazi ya kawaida na maneno machache.

Jambo lililomfanya akumbukwe hata leo na wanaofundisha majaji ni karatasi moja. Hale alijiandikia mambo 18 ya kukumbuka daima katika kazi ya hukumu. Hakuyaandika ili kuwafundisha wengine. Yalichapishwa baada ya kufa kwake. Alijikumbusha kwamba hukumu ni kazi ya Mungu na ya mfalme na ya nchi, hivyo aifanye wima na kwa makini. Alijiagiza aziweke kando hisia zake hata akichokozwa kiasi gani. Alijikataza kuwa na uamuzi wowote kichwani mpaka pande zote mbili zisikike na shauri lote liishe. Asiegemee kwa tajiri kwa kumpendelea, wala kwa maskini kwa kumhurumia. Asijali watu watasema nini nje. Hata chakula na kinywaji alijiagiza avipunguze siku za kazi, ili akili isiwe nzito. Ni orodha ya mtu anayejua kwamba adui wa haki anakaa ndani ya joho lile lile.

Burnet, aliyeandika maisha yake, anasimulia kisa cha nyama ya kulungu. Mtu mmoja alikuwa na desturi ya kuwapelekea majaji nyama kila walipofika wilayani kwake kwa vikao. Safari moja alikuwa na shauri lake mbele ya Hale. Hale alikataa kulisikiliza mpaka alipe bei ya nyama. Yule bwana alikasirika, akaona anashukiwa, akaliondoa shauri lake. Pengine Hale alizidisha. Lakini kati ya jaji anayezidisha upande huo na yule anayezidisha upande wa pili, sisi tunajua tungependa kesi zetu ziende kwa nani.

Kisa cha pili kinatugusa zaidi. Mwezi Agosti 1661, katika mji wa Bedford, mwanamke kijana aitwaye Elizabeth aliingia katika chumba kilichojaa majaji na waheshimiwa wa wilaya. Mume wake alikuwa gerezani tangu mwaka uliotangulia kwa kosa la kuhubiri bila kibali. Jina la mume ni John Bunyan, yule ambaye baadaye angeandika habari za msafiri aendaye mji wa mbinguni, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma kwa Kiswahili. Elizabeth alikuwa mama wa kambo wa watoto wanne, mmoja wao kipofu, na mimba yake mwenyewe ilikuwa imeharibika kwa mshituko wa kukamatwa kwa mume wake. Jaji mwenzake Hale, Twisden, alimkaripia na kumwambia anaufanya umaskini kuwa vazi la kujifunika. Hale alimwacha aseme. Alimuuliza habari za watoto, akamsikitikia, kisha akamweleza njia za kisheria zilizobaki: aende kwa mfalme, aombe msamaha, au apate hati ya kurekebisha makosa ya kesi, na hiyo ya mwisho, alisema, ndiyo isiyo ghali.

Bunyan hakutoka. Alikaa gerezani takriban miaka 12. Upole wa Hale haukumfungulia mlango, na hatuna budi kulisema hilo bila kulipamba. Lakini mwanamke yule alitoka chumbani akiwa amesikilizwa na mtu mmoja mwenye cheo, na akiwa na shauri la kweli mkononi. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya meza ya serikali na kuambiwa "njoo kesho" na mtu asiyeinua macho anajua tofauti hiyo ina thamani gani.

Hale alistaafu Februari 1676 kwa sababu ya ugonjwa, akafa siku ya Krismasi mwaka huo huo. Katika wosia wake alimwachia Baxter shilingi 40. Baxter alizinunulia Biblia kubwa, akaweka ndani yake picha ya rafiki yake.

Miaka tisa baadaye Baxter alisimama mbele ya kiti kile kile cha Jaji Mkuu wa Mahakama ya Mfalme. Aliyekalia sasa ni George Jeffreys.

Jeffreys hakuwa mjinga, na hapo ndipo fundisho lake lilipo. Alizaliwa mwaka 1645, akapanda ngazi upesi kuliko karibu kila mwanasheria wa zama zake, akawa Jaji Mkuu mwaka 1683 akiwa hajafikisha miaka 40. Wanahistoria wanaomchukia hukubali kwamba katika mashauri ya madai, yasiyokuwa na siasa, aliweza kuona kiini cha jambo mara moja. Alikuwa pia mgonjwa wa mawe ya figo, mwenye maumivu makali, na alikunywa sana. Lakini alikuwa na ulimi uliokata kama wembe na hasira isiyojua breki, na mfalme aliyempandisha alizijua vizuri. Hatudhani alichaguliwa licha ya hasira yake. Serikali iliyokuwa ikiwawinda wapinzani ilihitaji mtu ambaye mashahidi wangetetemeka mbele yake. Majaji wa wakati ule walikaa kitini kwa muda ambao mfalme anapenda tu, na jaji anayekaa kwa kupendwa hujifunza haraka kinachopendwa.

Kesi ya Baxter ilisikilizwa London, Mei 1685. Kosa lake lilikuwa kitabu cha maelezo ya Agano Jipya, ambamo serikali ilisema maneno fulani yaliwatukana maaskofu. Mzee alikuwa na karibu miaka 70, mgonjwa, na aliomba apewe muda zaidi wa kujiandaa. Jeffreys alikataa. Mawakili wa mzee walisimama mmoja baada ya mwingine, na mmoja baada ya mwingine walikemewa wakae chini. Kisha jaji, mbele ya mahakama nzima, akainua mikono na kuanza kuigiza kwa sauti ya puani jinsi Wapuritani wanavyosali. Baxter alipojaribu kusema, sauti yake ilizamishwa. Juri, yaani wale watu 12 wanaoamua kama mshitakiwa ana hatia, hawakuhitaji hata kuondoka mahali pao kwenda kujadiliana. Faini ilikuwa marki 500, na kifungo mpaka ilipwe. Alikaa ndani karibu mwaka mmoja na nusu.

Majira hayo hayo uasi wa Monmouth ulikuwa umeshindwa magharibi mwa nchi, na Jeffreys akatumwa kuwahukumu waliokamatwa. Huko Winchester aliletewa mjane Alice Lisle, mwenye karibu miaka 70, aliyeshitakiwa kwa kumpa hifadhi mchungaji mmoja aliyekimbia vita. Shahidi mkuu alichanganyikiwa kwa kufokewa hata hakujua alisemalo. Juri ilisita, ikasukumwa, ikamtia hatiani. Alikatwa kichwa tarehe 2 Septemba. Katika wiki zilizofuata mamia walinyongwa katika miji ya magharibi, na wengine wapatao 800 wakasafirishwa kwenda kutumikishwa katika visiwa vya Karibi. Mfalme James alimzawadia Jeffreys cheo kikubwa zaidi cha sheria nchini.

Mwaka 1688 mfalme huyo alikimbia nchi. Jeffreys naye alijaribu kukimbia, amevaa kama baharia, amenyoa nyusi zake. Inasimuliwa kwamba alitambuliwa Wapping, kando ya mto, na karani mmoja aliyewahi kusimama mbele yake mahakamani na ambaye hakuweza kuusahau uso ule. Alifia katika Mnara wa London mwezi Aprili 1689.

Tungeweza kuishia hapa, nasi tungekuwa na hadithi safi ya jaji mwema na jaji mbaya. Historia haikuturuhusu.

Mwezi Machi 1662, miezi saba tu baada ya kumsikiliza Elizabeth Bunyan kwa upole, Matthew Hale alikaa kitini katika mji wa Bury St Edmunds. Mbele yake walikuwa wajane wawili maskini, Rose Cullender na Amy Denny, walioshitakiwa kuwaroga watoto. Watoto walikuwa wakianguka, wakitapika pini, wakipiga kelele kila mmoja wa wanawake hao alipowagusa. Wakili mmoja mwandamizi, Keeling, hakuridhika. Basi jaribio likafanywa: msichana mmoja akafungwa macho kwa aproni, kisha akaguswa na mwanamke mwingine kabisa asiyeshitakiwa. Akaanguka na kupiga kelele vile vile. Waheshimiwa waliotumwa kushuhudia walirudi wakasema wazi kwamba huu ni udanganyifu mtupu.

Hapo ndipo shauri lilipopaswa kugeuka. Halikugeuka. Baba wa mtoto alitoa maelezo, kwamba labda mtoto alidhani tu ameguswa na mchawi, na mahakama ikayapokea. Hale alipofika mahali pa kuwaelekeza wale 12, alisema hatarudia ushahidi, asije akaukosea upande mmoja au mwingine. Ni kama ile karatasi yake inavyotaka, ukiisoma haraka. Lakini jambo moja aliwaambia bila kusita: kwamba wachawi wapo hana shaka, kwa kuwa Maandiko yamesema, na sheria za mataifa zimekubali. Nusu saa baadaye wanawake wale walikuwa na hatia. Asubuhi iliyofuata watoto waliletwa kwa jaji wakiwa wazima, naye akaridhika. Wanawake walishauriwa wakiri, hawakukiri. Walinyongwa tarehe 17 Machi.

Tunalirudia kisa hiki polepole kwa sababu kinatuhusu sisi watu wa kanisa kuliko kile cha Jeffreys. Hakuna hasira humu. Hakuna rushwa, hakuna ulevi, hakuna mfalme anayesubiri kupendezwa. Yuko mtu mwungwana, mwenye kusali, ambaye alijizoeza kuzitilia shaka hisia zake zote isipokuwa moja, nayo ni uhakika wake wa kidini. Mahali pale aliposadiki sana ndipo masikio yake yalipoziba. Baxter mwenyewe hakuwa tofauti. Mwaka 1691 alitoa kitabu kizima kuthibitisha habari za pepo na wachawi. Hatuwahukumu kwa mizani ya leo. Keeling alikuwa mtu wa siku zile zile, akamwona mtoto yule yule amefungwa macho.

Na hulka hii iliyoziba sikio inajulikana kwetu. Katika mikoa ya kanda ya ziwa bibi vizee wameuawa kwa panga kwa sababu ya macho mekundu, yaliyoletwa na moshi wa miaka 50 jikoni. Hakuna jaji aliyewasikiliza hata kwa nusu saa. Na bila damu kumwagika, wengi wetu tumewahi kusikia habari za binti aliyepata mimba akatengwa na ushirika katika kikao kifupi cha wazee wema, waliofungua kwa sala na kufunga kwa sala, ambao hawakumwita aseme neno. Nikodemo aliuliza katika Baraza kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia. Alijibiwa kwa dhihaka.

Kitabu chenye habari za kesi ya Bury St Edmunds kilichapwa mwaka 1682. Kikavuka bahari. Miaka 10 baadaye, Massachusetts, majaji wa Salem walipotafuta mfano wa jinsi ya kupokea ushahidi wa uchawi, mfano wa Hale ulikuwa mezani, na jina lake jema likaupa uzito. Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja akafa kwa kukandamizwa na mawe kwa kuwa alikataa kujibu mashitaka. Juri ilipomwona Rebecca Nurse, mama wa kanisa, hana hatia, jaji mkuu wa mahakama ile, Stoughton, aliwarudisha wafikiri tena. Wakarudi na hatia. Jaji mmoja, Saltonstall, alijiondoa kazini mapema. Stoughton hakujutia kamwe hadharani.

Katikati yao alikuwako Samuel Sewall. Tarehe 14 Januari 1697, siku ya mfungo, Sewall alisimama katika nafasi yake kanisani Boston wakati mchungaji Willard akisoma karatasi ambayo jaji mwenyewe aliiandika. Ndani yake alijitwika lawama na aibu ya hukumu za Salem, akiomba msamaha wa watu na wa Mungu. Alisimama mpaka usomaji ulipokwisha, akainama, akakaa. Baada ya hapo aliendelea na ujaji kwa miaka mingi, akapanda hata kuwa jaji mkuu wa jimbo. Mwaka 1700 alichapisha kijitabu cha kupinga utumwa, wakati watu wachache sana wa hadhi yake walithubutu. Kama tungeulizwa kati ya watu wote wa insha hii ni nani tungependa akae kitini siku shitaka letu linapotajwa, nusu yetu tungesema Hale. Mwandishi wa mistari hii na wenzake waliosoma naye habari hizi tunaegemea kwa Sewall, yule wa baada ya 1697.

Vizazi vilivyofuata vilijaribu kuweka hulka katika sheria. Sheria ya Urithi wa Kiti cha Enzi ya mwaka 1701 iliamua kwamba majaji wa Uingereza wakae kitini maadamu wana mwenendo mwema, si kwa kupendwa na mfalme. Wazo hilo lilisafiri na mahakama za kikoloni, nalo limo katika katiba zetu: Tanzania, Jaji wa Mahakama Kuu hawezi kuondolewa kabla ya muda wake ila kwa kushindwa kazi au kwa tabia mbaya, na tume maalumu lazima ichunguze kwanza. Hiyo ni kinga ya jaji asigeuzwe kuwa Jeffreys. Haizuii kumteua mtu ambaye tayari ni Jeffreys.

Wakenya walijaribu kwenda mbele zaidi. Baada ya Katiba yao ya 2010, sheria ya mwaka 2011 ya kuwachunguza majaji na mahakimu waliokuwa kazini iliorodhesha hulka kama kipimo cha peke yake, na kueleza maana yake: huruma na unyenyekevu, adabu kwa watu, utulivu wakati wa shinikizo, na uwezo wa kuizuia hasira. Ukiisoma baada ya karatasi ya Hale utadhani ni ndugu. Walioomba vyeo vya juu vipya waliulizwa maswali hadharani, nchi nzima ikitazama kwenye televisheni. Mwezi Juni 2011 Jaji Mkuu na Naibu wake waliapishwa, na watu wengi, sisi majirani tukiwamo, tuliona jambo jema limeanza.

Tarehe 31 Desemba mwaka huo huo, Naibu Jaji Mkuu alipita mlangoni mwa jengo la maduka Nairobi. Mlinzi, mwanamke wa mshahara mdogo, alimtaka akaguliwe kama wateja wengine. Yaliyofuata mlangoni pale yalizaa malalamiko, na Rais akaunda tume ya kuyachunguza. Jina la mheshimiwa huyo si la lazima hapa. Alikuwa msomi, na maswali ya wazi alikuwa ameyashinda. Mahojiano yana meza na maji ya chupa, na kila aliye mbele yako ana cheo. Hayana mlango wenye foleni na mtu mdogo anayekuambia subiri. Wanaoteua majaji, na hata sisi tunaochagua wazee wa kanisa, tungejifunza mengi kwa kuwauliza wahudumu, madereva na walinzi wa mtu, kabla ya kuwauliza maprofesa wake.

Mwenyekiti wa tume ile alitoka Tanzania. Ni Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu wetu mstaafu, aliyewahi pia kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, mwanajeshi, mpiga kinanda kanisani, ambaye baada ya kustaafu alipewa daraja la ukasisi katika Kanisa Anglikana. Tume ilikaa kwa miezi kadhaa. Naibu Jaji Mkuu alikuwa na mawakili wa kumtetea. Mlinzi naye aliitwa, akakaa mahali pa shahidi, akaeleza yaliyompata, akaulizwa maswali na mawakili hao, akajibu. Mwezi Agosti 2012 tume ilipendekeza mheshimiwa aondolewe kazini. Alikata rufaa, kisha mwezi Oktoba akaiacha na kujiuzulu.